Mchanga wa Uvinza na Ufukwe Wenye Wenyewe: Tathmini ya Safari ya Kuendesha Gari Nje ya Lami

Kampuni moja ya utalii yenye ofisi Kigoma mjini imeanza kuuza safari ya kuongozwa ambamo mteja hakai kiti cha nyuma akionyeshwa mandhari, bali anashika usukani mwenyewe nyuma ya gari la kiongozi na kupita njia zisizo na lami kutoka mjini hadi vijiji vya mwambao wa kusini, katika Wilaya ya Uvinza. Tangazo lake linaahidi jangwa na ufukwe kwa pamoja. Niliifanya safari hiyo wakati wa kiangazi nikiwa na mke wangu na shemeji yangu, na nimeona vema kuieleza kwa kirefu kwa sababu huduma ya namna hii ni ngeni hapa kwetu na fedha zinazoombwa si za kutupa. Kwa maoni yangu mafunzo ni bora kuliko tangazo, mchanga wa bara ni bora kuliko ufukwe, na ufukwe wenyewe unauzwa kana kwamba hauna wenyewe.

Nianze na jangwa, kwa kuwa ndilo lililowavuta wengi wa wenzetu wa msafara, hasa waliokuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Kigoma haina jangwa. Mji huu hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Novemba na Aprili, na sehemu kubwa ya ardhi ya kusini mwa mto Malagarasi imefunikwa na miombo. Kinachoitwa jangwa katika tangazo ni kipande cha njia ya bara kinachopita katika udongo wa kichanga ambao, ifikapo Agosti na Septemba, miti ikiwa imepukutisha majani na nyasi zikiwa zimekwisha kuungua, husagwa na malori ya mazao mpaka ukawa unga mwekundu unaomeza nusu ya ringi. Anayetaka jangwa la kweli katika Afrika Mashariki aende Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Na anayetaka jangwa linaloshuka hadi baharini aende Namibia, karibu na Walvis Bay, ambako vilima vya mchanga vya Namib vinakutana na Atlantiki na waongozaji hulazimika kupenya kati ya mchanga na maji kwa kufuata saa za kupwa na kujaa. Hata hapa nchini tunalo lile tuta la mchanga mweusi wa volkano linalohama mwaka hadi mwaka karibu na Olduvai, ingawa hilo ni la kutazamwa na si la kukanyagwa na magari. Kampuni ingefanya vizuri kulifuta jangwa katika tangazo lake. Mteja anayefika akitafuta vilima vya mchanga hutumia saa za mwanzo akinung'unika badala ya kusikiliza anachofundishwa, na anachofundishwa ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Magari ni Toyota Land Cruiser za muundo wa zamani, zile ambazo kila mtu hapa anaziita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo cha mbele, zenye gia za mkono na ekseli ngumu mbele na nyuma. Matairi hayakuwa mapya, lakini yalikuwa na meno ya kutosha, na mikanda ya usalama ilifanya kazi katika viti vyote, jambo ambalo mtu aliyezoea magari ya kukodi ya mkoa huu hawezi kuliona dogo. Gari tulilopewa sisi klachi yake ilikuwa inashika juu mno, dalili kwamba imekaribia kuisha, na nililisema kabla ya kuondoka. Fundi wao aliikaza kidogo na ikatufikisha, ingawa safari inayouzwa kwa bei ile haikupaswa kuanza na klachi ya kukazwa asubuhi ya kuondoka.

Kiongozi wa msafara ni mtu wa Ujiji aliyewahi kuendesha malori ya misaada kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kila anayejua barabara za Kasulu zilivyokuwa wakati wa masika ataelewa kwamba hiyo ni shule tosha. Wote tulimwita mwalimu, na alistahili. Hakuna mteja aliyeruhusiwa kuvuka geti la uwanja wa kampuni kabla ya kuonyesha kwamba anakijua kile kigingi kidogo kilicho kando ya gia, chenye herufi H na L, na kwamba anaelewa lini gari liwe katika foo wili ya kawaida, yaani H, na lini liwe katika gia nzito, yaani L. Watu wengi, hata madereva wa miaka mingi, hudhani kwamba gia nzito ndiyo dawa ya kila tatizo. Mwalimu alieleza kwamba katika mchanga laini gari linahitaji mwendo unaoendelea kuliko nguvu nyingi, na ndiyo maana mara nyingi mtu anapita vizuri zaidi akiwa kwenye H na gia ya pili, akikanyaga mafuta kwa utulivu, kuliko akiwa kwenye L huku matairi yakichimba. Gia nzito aliitunzia miteremko mikali, mawe, na kujinasua. Aidha, katika magari mawili ya msafara habu za mbele, vile vifungo vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na ekseli, hufungwa kwa mkono, na alimtaka kila dereva ashuke azifunge yeye mwenyewe, kwa kuwa mtu aliyefungiwa habu na mwenzake husahau kwamba zipo.

Somo la upepo wa matairi ndilo lililochukua muda mrefu, na kwa haki. Tulipofika mahali mchanga unapoanza, kila gari lilisimama na upepo ukapunguzwa kutoka psi 38 hadi psi 20, gurudumu moja baada ya jingine, kwa geji na si kwa kubonyeza tairi kwa kidole cha mguu kama ilivyo desturi ya gereji zetu. Tairi lenye upepo mchache hulala, na linapolala linakuwa refu zaidi mahali linapogusa ardhi, hivyo uzito wa gari hutawanyika na tairi hupita juu ya mchanga badala ya kuukata. Mwalimu hakuishia katika maelezo: aliagiza gari moja lijaribu kupanda tuta fupi likiwa na upepo kamili, likashindwa na kurudi kinyumenyume, kisha akalipunguzia upepo papo hapo na dereva yuleyule akapanda kwa gia ileile. Baada ya onyesho hilo hakuna aliyebishana naye tena. Akaongeza tahadhari ambayo ningependa kila mwenye gari la foo wili aifahamu, kwamba tairi lililopunguzwa upepo halitakiwi kukimbizwa wala kukatishwa kona kwa ghafla, kwa sababu linaweza kuchomoka kwenye ringi, na likirudishwa kwenye barabara ngumu bila kujazwa hupata joto la kulipasua. Hapo ndipo palipojitokeza upungufu wa kwanza wa maandalizi: msafara mzima ulikuwa na pampu moja ya umeme ya kuchomeka kwenye betri, na wakati wa kujaza upepo tena tulikaa juani kwa muda usio wa lazima, gari la mwisho likisubiri zamu yake wakati abiria wa gari la kwanza wamekwisha kula machungwa yao yote.

Njia yenyewe inatoka Kigoma mjini, inapita Ujiji, inaiacha barabara kuu karibu na Simbo na kuelekea Ilagala. Ujiji tulisimama kidogo kwenye kumbukumbu ya Livingstone, aliyekutwa hapo na Stanley mwaka 1871, na kwa mtu wa Kigoma kituo hicho hakina jipya. Kutoka Simbo kwenda Ilagala, kati ya michikichi na mashamba ya muhogo, ni mahali pazuri pa kuzoea gari, maana makorongo na matuta ni ya kutosha kumfundisha mtu kuweka tairi juu ya jiwe badala ya kulikwepa na kuligonga kwa tumbo la gari. Mwalimu alizungumza nasi kwa redio koli, kwa sauti isiyopanda hata mara moja, akimtaja kila dereva kwa rangi ya gari lake.

Ilagala ndipo panapovukwa mto Malagarasi kwa kivuko kwenda upande wa Kajeje. Msafara wa magari ya watalii hukifanya kivuko kilichotegemewa na wanakijiji, wagonjwa, bodaboda na mizigo ya mawese kiwe na foleni ndefu zaidi, na katika jambo hili kampuni inastahili sifa: magari yetu yaligawanywa, tukavuka kwa mafungu, na gari lililokuwa na mama mjamzito likapewa nafasi yetu bila mjadala. Kupanda kwenye kivuko pia ni somo, kwa sababu mteremko wa kuingilia una utelezi, na dereva anayesita katikati huliacha gari likiwa nusu majini nusu juu ya chuma. Kila dereva alipanda peke yake, abiria wakiwa wameshuka na kuvuka kwa miguu juu ya sitaha, kama inavyotakiwa.

Baada ya Kajeje, tukiwa tumeelekea bara kabla ya kurudi mwambao, ndipo tulipoingia katika mchanga wenyewe, na kwangu hiki ndicho kipande bora cha safari yote. Njia inapita ndani ya miombo, nyembamba, yenye mikondo miwili ya magurudumu iliyochimbika, na katikati limebaki tuta refu ambalo gari fupi lingelilalia mara moja. Ujuzi unaohitajika ni wa kuachia: usukani hushikwa kwa wepesi ili gari lifuate mkondo wake, kwa kuwa anayepigana nao huzigeuza tairi za mbele zikawa jembe, na anayetaka kusimama huachia mafuta, gari likajisimamia lenyewe, kwa sababu breki ya ghafla hukusanya kichuguu cha mchanga mbele ya kila tairi, na kuondoka hapo huwa kazi. Asubuhi, wakati ardhi bado ina ubaridi na unyevu kidogo wa usiku, mchanga ulibeba gari vizuri. Kufikia saa saba mchana njia ileile ilikuwa imelegea, na tofauti hiyo kila mmoja wetu aliihisi miguuni kabla ya kuelezwa. Ratiba ya kampuni inalijua jambo hili na huanza mchanga mapema. Kikwazo ni mbung'o, ambao hufuata gari linalotembea na kuingia kila dirisha lililo wazi, na magari haya hayana kiyoyozi kinachofanya kazi. Hivyo mtu huchagua kati ya joto na kuumwa, na kampuni haikuwa imemwonya mteja yeyote aache nyumbani nguo za bluu iliyokoza na nyeusi, rangi ambazo wadudu hao huzipenda.

Katika njia hiyo shemeji yangu, aliyekuwa na zamu ya usukani, alikwama kwa namna kamili: magurudumu yalizama, gari likalalia difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli. Nalieleza tukio hili kwa kuwa ni hapo niliposhuhudia thamani ya kuwa na kiongozi. Jambo la kwanza alilosema kwenye redio lilikuwa kumtaka aache kukanyaga mafuta, maana kila mzunguko wa tairi lisilosonga huongeza kina cha shimo. Watu wote walishuka, mchanga ukaondolewa kwa beleshi mbele ya magurudumu yote manne na chini ya difu, mbao zikawekwa, kisha gari likarudishwa nyuma kwa alama zake lenyewe, kwa kuwa njia iliyokwisha kushindiliwa na gari ni ngumu kuliko iliyo mbele. Ilipohitajika kamba, mwalimu alikataa mnyororo uliokuwa ndani ya gari la mteja mmoja, akaeleza kwamba mnyororo ukikatika huruka kama risasi, na kwamba kile kichwa cha duara cha kuvutia tela hakifungwi kamba ya kunasulia gari hata siku moja, kwa kuwa kikivunjika kinaua. Kamba ilifungwa kwenye ndoano ya fremu, blanketi likatandikwa katikati yake ili likapunguze nguvu endapo itakatika, na watazamaji wote, wakiwemo vijana wa kijiji waliokuja kusaidia, wakasogezwa mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Nimeona magari mengi yakivutwa katika mkoa huu, na sikumbuki kuona utaratibu kama ule. Vijana walipewa ahsante yao mkononi, mbele ya wote, kiwango kikiwa kimekubaliwa kabla ya kazi.

Vijito vya njiani vilikuwa na maji machache kwa sababu ya kiangazi. Kanuni ya kawaida ya kuvuka maji ni kutembea kwanza kwa miguu ili kupima kina. Hapa mwalimu aliikataza kanuni hiyo popote karibu na delta ya Malagarasi, ambako kuna mamba na viboko, na badala yake aliwauliza waendesha bodaboda na kuangalia alama za matairi upande wa pili. Chakula cha mchana kilipikwa Sunuka na akina mama wa hapo: migebuka kwa mawese, ugali wa muhogo na kisamvu. Hakikuhitaji maelezo mengine isipokuwa kwamba kilikuwa moto na kilitosha.

Sasa nije kwenye ufukwe, ambao ndio picha kubwa katika tangazo, gari likirusha maji na mchanga pembezoni mwa ziwa lisilo na mtu. Ipo sababu ya kiufundi na ipo sababu ya kibinadamu za kutoridhika na sehemu hii. Ya kiufundi ni kwamba Ziwa Tanganyika, pamoja na urefu wake wa kilomita 673 na kina chake cha mita 1,470, halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Ufukwe wa bahari, maji yanapopwa, huacha uwanda mpana wa mchanga uliolowa na kushindiliwa, ambao gari hupita juu yake karibu kama barabarani. Ziwani uwanda huo haupo. Mchanga mgumu ni ule mkanda mwembamba unaolambwa na mawimbi, na mita chache juu yake mchanga huwa mkavu na laini, tena wenye mteremko kuelekea majini, hivi kwamba gari likikwama huwa limeinamia ziwani. Zaidi ya hayo, maji ya ziwa yamepanda katika miaka ya karibuni na kumeza sehemu kubwa ya fukwe, kama anavyojua kila aliyeona hali ya Kibirizi na Ujiji, na pale palipokuwa na nafasi ya magari mawili kupishana sasa mara nyingi pana nafasi ya mitumbwi tu. Faida pekee ya ziwa juu ya bahari ni kwamba maji yake si ya chumvi kali, kwa hiyo gari halihitaji kuoshwa chini kwa haraka ili lisiliwe na kutu.

Sababu ya kibinadamu ni nzito zaidi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zilizokuwa karabai na siku hizi ni za betri na sola, kwa kuwa mwanga huwavuta juu. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina kazi, maboti hupumzishwa na nyavu hushonwa. Asubuhi inayofuata usiku wa giza, ufukwe wa kijiji chochote cha mwambao hugeuka kiwanda. Dagaa huanikwa kuanzia jua linapochomoza, wengine juu ya vichanja vya wavu, wengine bado juu ya mchanga wenyewe, na kina mama huwageuza mpaka jioni. Dagaa walioingia mchanga hushuka bei, na dagaa waliokanyagwa hawana bei kabisa. Msafara wetu uliletwa ufukweni saa nne asubuhi, katika kipindi cha giza, magari yakiwa yamefuatana. Hakuna kilichokanyagwa, kwa sababu mwalimu alisimamisha msafara mapema. Lakini vumbi la magari ya mbele lilikuwa limekwisha kufika kwenye vichanja, na mama mmoja mtu mzima alikuja mpaka dirishani. Mwalimu alimpa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema kwa upole kwamba wageni wanakaribishwa, ila wapite juu, kwa kuwa huku chini ni jikoni kwao. Tulipita juu. Sehemu iliyobaki ya ufukwe tuliyoiendesha ilikuwa fupi, na sioni kama kuna mteja aliyeuliza kwa nini.

Lawama katika hili haimwangukii mwalimu, inamwangukia aliyepanga tarehe. Huko Namibia mwongozaji hawezi kupanga safari ya ufukweni bila kuangalia jedwali la maji. Hapa Kigoma jedwali la kuangaliwa ni mwezi, na kila mtoto wa mwambao analijua. Ukitaka ufukwe ulio wazi, omba nafasi siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wenyewe wamepumzika na mchanga hauna dagaa. Vipindi vya ziwa kufungwa kwa uvuvi, kama ule wa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, navyo huacha fukwe wazi, ingawa kuleta magari ya starehe mbele ya watu waliosimamishwa kazi kunahitaji adabu ya namna nyingine. Pia ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo katika ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa inazuia shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira ya hapo. Gari moja linalopita polepole sidhani kama ndilo sheria iliyolilenga, lakini msafara unaorudi kila wiki na kuchimba mchanga uleule ni jambo ambalo kampuni inapaswa kulizungumza na serikali ya kijiji, na kwa maandishi, kabla halijazungumzwa na wengine.

Usalama kwa ujumla ulikuwa wa kuridhisha barabarani na hafifu katika maandalizi ya dharura. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwepo, lakini lilikuwa na bandeji na dawa za maumivu tu, katika eneo ambalo mtu akiumia sana atabebwa saa nyingi, pamoja na kusubiri kivuko, kabla ya kuifikia Hospitali ya Maweni mjini. Mtandao wa simu hupatikana karibu na vijiji na hupotea kabisa katikati ya pori, na redio koli za msafara hazifiki mjini. Kambini tulikolala mahema yalikuwa safi, vyandarua vizima, choo cha muda kilichimbwa mbali na maji. Hayo yanatosha.

Kuhusu fedha, bei hutozwa kwa gari na si kwa mtu, na inakaribia gharama ya kukodi mkonga pamoja na dereva wake kwa muda uleule, mafuta yakiwa juu ya mteja. Kwa watu wanne wanaogawana, naiona ni bei ya haki ukizingatia mafunzo. Kwa mtu mmoja au wawili ni ghali, na kampuni haikubali kuwachanganya wateja wasiojuana katika gari moja. Jambo la kusomwa kwa makini kabla ya kutia saini ni bima. Mkataba unasema gari lina bima kubwa, lakini ukurasa wa nyuma unamwachia mteja gharama za tairi, kioo, chini ya gari na uharibifu wowote utokanao na maji, yaani karibu kila kitu kinachoweza kuharibika katika safari ya aina hii. Niliomba kipengele cha chini ya gari kiondolewe pale dereva anapokuwa ametii maelekezo ya kiongozi, wakakubali kwa kalamu, na kila mteja ana haki ya kuomba hivyo hivyo. Leseni yao ya biashara ya utalii ilikuwa imebandikwa ukutani na haijaisha muda. Nayo ni ya kuangaliwa na kila mtu, kwa kuwa wapo wanaofanya kazi hii wakiwa na gari na namba ya simu tu.

Haiwafai watoto wadogo, kwa sababu ya mbung'o na mitikisiko, wala mtu mwenye matatizo ya mgongo. Inamfaa sana kijana anayetafuta kazi ya udereva katika mashirika au hifadhi, na mwenye gari lake la foo wili ambaye hajawahi kugusa kile kigingi kidogo tangu alinunue. Mwenye gari lake anaruhusiwa kujiunga na msafara kwa ada pungufu, mradi liwe na ndoano imara mbele na nyuma na gurudumu la akiba lenye upepo. Kijana mmoja aliyekuja na Noah, akisisitiza kwamba nayo ni foo wili, alirudishwa kutoka uwanjani kwa heshima na kurejeshewa fedha zake zote.

Tuliporudisha funguo nililieleza suala la dagaa na mwezi kwa meneja, mwalimu akiwa pembeni akitikisa kichwa kukubali. Meneja alisikiliza vizuri, akaandika, akasema wateja wao wengi ni wafanyakazi na hawapati nafasi isipokuwa mwisho wa wiki, lakini wataangalia uwezekano wa kuanzisha safari ya ufukweni inayofuata mbalamwezi, na ile ya kipindi cha giza ibaki ya mchanga wa bara peke yake. Kwa bei ileile ningeichagua hiyo ya bara. Mpaka naandika haya, ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi yao bado inafuata Jumamosi na Jumapili.